Saidi, kuhusu ile orodha ya michango

Saidi ndugu yangu,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yake. Naandika mbiombio maana kikao cha kikoba ni Jumamosi, na msimbo wa Python, ile lugha ya kompyuta, ulionitumia jana una jambo.

Orodha yako ni hii:

michango = ["1,500", " 2000", "", "hajalipa", "3,000\n"]

Ukaandika [int(m) for m in michango if m], Python ikagoma palepale kwenye "1,500". Kosa ni mkato tu. int() ndiyo inayogeuza maandishi kuwa namba: nafasi tupu na mstari mpya pembeni mwa namba inavumilia, mkato haiutaki. Na hata ungeuondoa, ungekwama kwenye "hajalipa", kwa sababu "if m" inatupa yaliyo matupu peke yake. Safisha kwanza:

safi = [m.replace(",", "").strip() for m in michango]
fedha = [int(s) for s in safi if s.isdigit()]

int() imeandikwa mbele, lakini if ya nyuma ndiyo inayokagua kwanza, na isdigit() inauliza kama ni tarakimu peke yake. Unapata [1500, 2000, 3000].

Usishangilie bado! Ukioanisha hiyo na majina kwa zip(), Zuhura, ambaye ni wa tatu na hajatoa hata senti, anaandikiwa 3000 za Mzee Kombo, wa tano. Mzee Kombo mwenyewe hayumo kabisa, kwa kuwa zip() hukomea orodha fupi inapoishia, wala hailalamiki. Na Mzee Kombo unamjua.

Jina na fedha vishikane kabla ya kuchuja:

[(j, int(s)) for j, s in zip(majina, safi) if s.isdigit()]

Ukitaka wote watano wabaki, if ihamie mbele pamoja na else:

[int(s) if s.isdigit() else 0 for s in safi]

Hiyo else ukiibandika mwishoni ni SyntaxError, yaani kosa la uandishi, Python inakataa. Mwishoni ni pa kuchuja tu. Ila angalia wastani: 6500 kwa watatu ni kama 2167, kwa watano ni 1300. Upi usomwe kikaoni, hilo waulize wanachama.

Halafu isdigit() haikubali "-500". Aliyerudishiwa fedha atachujwa kimyakimya, kwa hiyo... tazama mwenyewe.

Majina yako faili lilelile au daftari jingine? Nani anaandika "hajalipa" na nani anaacha wazi, wewe au Bi Rehema? Kuna aliyelipa mara mbili? Na chaja yangu je?

Wako,
Athumani