Kufanana na sokwe kusitutie hofu waumini

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala yenu kuhusu sokwe na jinsi wanavyofanana na binadamu. Mimi ni muumini na nasadiki kwamba mtu aliumbwa na Mungu. Hata hivyo, siungi mkono waumini wenzangu wanaokana hata kinachoonekana kwa macho. Tangu mtafiti wa sokwe Jane Goodall afike msitu wa Gombe, Kigoma, mwaka 1960, watafiti wameshuhudia sokwe akivunja kijiti, akakipukuchua majani, akakichomeka kwenye kichuguu na kula mchwa walioking'ang'ania. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2005 nao ulionyesha tofauti ndogo mno kati yetu na sokwe.

Kwangu mimi, kufanana huko ni alama ya Muumba mmoja. Wanabiolojia wanasema ni ushahidi wa asili moja. Tubishane hapo, lakini kwa haki. Mahubiri mengi ninayosikia hapa Dar es Salaam hukejeli kwamba eti babu yetu alikuwa sokwe, ilhali sayansi haisemi hivyo. Inasema sisi na sokwe wa leo tulitokana na mababu wamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Kumpinga mtu kwa neno asilolisema ni kumsingizia, na dini zetu zinakataza hilo.

Napendekeza gazeti lenu litenge ukurasa ambapo mwalimu wa baiolojia na kiongozi wa dini watajibu, bila kejeli, maswali ya wanafunzi wa sekondari. Mada hiyo ya asili ya binadamu wanaisoma darasani, kisha nyumbani wanaambiwa ni kufuru.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam