Harambee ya Maji ya Madrasa Yetu, Langoni

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zetu wa Amu, mlio mjini na mlio mbali.

Muhula uliopita madarasa yetu yalibaki nusu. Watoto walianza kwa kuumwa na kichwa, wazazi tukasema malaria, tukawapa panadoli. Damu ilipopimwa vizuri, ikawa taifodi.

Muuguzi aliyetujia alitufungua macho. Mtoto humeza kijidudu hicho, Salmonella Typhi, katika maji au chakula kilichoingia kinyesi. Kikinusurika tumboni, hupenya ukuta wa utumbo mwembamba. Chembe za kinga hukimeza ili zikiue, nacho hujificha ndani ya chembe hizo hizo, zikakibeba hadi kwenye ini, bandama na uboho. Huko huzaana kimyakimya, mara nyingi wiki 1 au 2, na mtoto bado anacheza mpira. Homa ikipanda, ujue vimeshamwagika kwenye damu. Kisha hushuka na nyongo, vikarudi utumboni na kutoka chooni. Ugonjwa ukiachwa, kufikia wiki ya 3 utumbo waweza kutoboka. Na wako wanaopona huku vijidudu vimebaki kwenye mfuko wa nyongo: Mary Mallon, mpishi wa New York aliyegunduliwa mwaka 1907, aliwaambukiza watu naye hajioni mgonjwa.

Ndipo tukautazama ua wetu. Kisima na shimo la choo vimekaribiana, kama katika nyumba nyingi za kale za hapa. Ndoo moja, kopo moja, watoto wote. Bi mkubwa anayeuza barafu na achari mlangoni msimlaumu. Naye huteka hapo hapo.

Wengine wamesema tununue dawa tu. Dawa humtibu aliyekwisha kuugua. Chanjo nayo tunaishukuru, ila haizuii kuhara wala kipindupindu.

Tunataka tangi la lita 10,000 la maji ya mvua, mifereji ya paa, na mabomba 6 ya kunawia, mawili yakiwa kando ya choo. Fundi amepiga hesabu ya shilingi 310,000. Mkononi tuna 74,000, na nahodha mmoja amejitolea kulivusha tangi kutoka Mokowe bila nauli. Twataka limalizike kabla ya masika.

Tukutane uani Jumamosi baada ya Alasiri. Hii ni sadaka jariya, na kila shilingi itabandikwa mlangoni isomwe. Asiye na pesa alete mfuko wa saruji aushushe gatini. Punda wa kuupandisha yupo.

Kamati ya wazazi