Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Kilimanjaro: mwalimu mgeni apewe dakika ishirini

Ndugu Afisa Elimu,

Julai iliyopita, asubuhi ya ukungu ule ambao watu wa Moshi mjini huutazama kwa mbali tu, nilikaa dawati la nyuma Darasa la Tano. Mbele alisimama binti wa chuo aliyeletwa kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa kujumlisha sehemu. Andalio lake la somo safi, zana amezikata kwenye maboksi, sauti inanifikia. Kila baada ya mfano aliuliza, "Mmeelewa?" na darasa likaitika, "Ndiyooo!"

Mkufunzi wake aliingia kipindi kikiwa katikati, akajaza fomu, akamsainisha, akaondoka. Simlaumu. Gari ni moja, na wanachuo wametawanywa hadi wilaya ya Mwanga.

Kengele ilipolia nilipitia madaftari. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba 1/2 + 1/3 ni 2/5.

Tuliketi chini ya mparachichi. Sikumtajia kosa lolote. Nilimpa karatasi yangu: maswali 23 ameuliza, 21 yameitikiwa kwa pamoja, mawili yamejibiwa na mtoto mmoja, yule yule wa mbele. Kisha nikamwekea madaftari matano mapajani. Akayafunua, akanyamaza. "Madam, kumbe hawakuelewa." Akaendelea kuitazama ile 2/5, halafu akacheka mwenyewe: "Nusu umeiongezea kitu, ukapata pungufu ya nusu?" Kesho yake alianza kipindi na swali hilo hilo, akawaita watoto mmoja mmoja kwa majina. Kimya kilikuwa kirefu, ila safari hii walikuwa wanafikiri.

Mazungumzo yale yalichukua dakika ishirini, nami niliziiba kwenye muda wa chai.

Ombi langu ni zisiibwe tena. Mwalimu mlezi apewe kipindi kimoja kwa wiki kwenye ratiba, kihesabiwe katika mzigo wake wa vipindi, cha kukaa na mwanachuo au mwalimu wa ajira mpya. Najua vyuo vya ualimu vya Marangu, Mandaka na Singachini viko chini ya Wizara ya Elimu, na shule zetu ziko TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mwanachuo anadondokea hapo katikati: chuo kinadhani shule inamlea, shule inadhani chuo kitakuja kumpima. Najua pia kuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na jumuiya zake za kujifunza shuleni. Ni mpango mzuri, lakini kikao cha walimu ishirini si mahali pa mgeni kusema darasa limemshinda. (Na mara ngapi kikao hicho kimegeuka kuwa cha michango?)

Jambo la pili ni dogo ila lina uzito. Anayemlea asiwe ndiye anayemjazia fomu. Hakuna anayemwonyesha kidonda mtu aliyeshika kalamu ya maksi. Mwaka wangu wa majaribio, katika shule nyingine, mkubwa wangu aliingia darasani akanisahihisha ubaoni mbele ya watoto. Alikuwa sahihi kabisa. Nilikosea alama ya kutoa. Kwa miaka miwili baada ya hapo sikumuuliza mtu yeyote chochote, na watoto wa miaka hiyo miwili ndio walionilipia.

Hatuombi posho wala semina ya hotelini. Waraka wa ukurasa mmoja kwa walimu wakuu na maafisa elimu kata utatosha, ukisema kipindi hicho kipo na hakiguswi hata mwalimu mwenzake akiumwa.

Muhula ujao napokea wanachuo wengine wawili. Ratiba tunaipanga wiki ya kwanza ya kufungua shule, hivyo waraka ukifika kabla ya hapo nitashukuru.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Hisabati, shule ya msingi, Moshi Vijijini