Msiziondoe nyimbo kikaoni

Mombasa

Kwako dada Hadija,

Salaam nyingi. Natumai nyote huko Garsen hamjambo na mama anaendelea kupata nafuu. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Unasema baadhi ya wanakamati wa amani kati ya wafugaji wa Kiorma na wakulima wa Kipokomo wanataka nyimbo na dua za mwanzo wa kikao ziondolewe, kwa kuwa zinakula muda na mambo ya kujadili ni mengi: malisho, mashamba, njia za mifugo kushuka mtoni. Umeniomba maoni. Dada, msikubali.

Nikupe habari za mama mmoja wa Mississippi, Marekani, aitwaye Fannie Lou Hamer. Alizaliwa mwaka 1917, kitinda mimba wa watoto 20, wazazi wake wakilima pamba katika shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Alianza kuchuma pamba akiwa na miaka 6. Shule aliiacha mapema, lakini Biblia aliijua, na nyimbo za kanisani zilikuwa kifuani mwake.

Tarehe 31 Agosti 1962 yeye na wenzake, jumla watu 18, walipanda basi kuukuu kutoka Ruleville kwenda Indianola kujiandikisha wapige kura. Mtu mweusi kufanya hivyo kule wakati ule alikuwa anahatarisha kazi, nyumba, hata roho yake. Ofisini wakapewa mtihani wa katiba ya jimbo, uliowekwa ili waanguke. Wakati wa kurudi, polisi wakalisimamisha basi. Kosa? Eti rangi yake ya manjano imezidi, linafanana mno na basi la shule! Dereva akashikwa, wakadaiwa faini.

Hebu wafikirie wale abiria. Hawana pesa, wanajua habari zao zimeshamfikia kila mwenye shamba, na hakuna anayejua kama jioni watafika kwao. Hapo ndipo Hamer alipoanza kuimba. Akaanzisha wimbo wa kanisani, ukiisha anaingia mwingine, na wenzake wakapata nguvu. Hakuna aliyemteua kuwa kiongozi. Kule shambani kazi yake ilikuwa kuandika saa za vibarua. Lakini kuanzia siku hiyo vijana waliokuwa wakihamasisha watu wajiandikishe walimtambua.

Faini ikachangwa, wakafika. Usiku uleule mwenye shamba akamfukuza, baada ya kumtumikia miaka 18. Mwezi Juni 1963 alikamatwa katika mji wa Winona akitoka kwenye mafunzo. Polisi wakawaamuru wafungwa wawili, weusi wenzake, wampige rungu. Figo na jicho havikupona tena. Na mle seli, mwili umevimba, aliimba na wenzake. Agosti 1964 alikaa mbele ya kamati ya chama cha Democratic huko Atlantic City akayasimulia haya yote, na Wamarekani wakamsikia kupitia televisheni.

Nimekaa nikajiuliza, kwa nini wimbo na si hotuba? Naona ni kwa sababu hotuba ina mwenyewe, nasi tunabaki wasikilizaji. Wimbo wa kanisani mmoja anauanzisha, wengine wanauitikia, na hata bibi asiyejua kusoma ana sehemu yake. Ukishafungua kinywa ukaitikia, umeshakuwa mmoja wao, huwezi kujificha nyuma tena. Tena maneno yake hubadilishwa kulingana na haja. Huko Albany, Georgia, mwaka 1961, binti wa mchungaji aitwaye Bernice Johnson aliombwa aimbe baada ya maandamano ya weusi. Akaanzisha wimbo wa zamani, na palipotajwa taabu akaweka uhuru. Kanisa zima likamfuata hapohapo.

Sitaki kukudanganya kwamba imani ilikuwa kinga. Mwaka 1962 sherifu aliingia na watu wake katika kanisa la Mount Olive, kule Sasser, Georgia, kuwatisha waliokuwa kwenye mkutano wa kujiandikisha. Waumini wakaimba mbele yake. Haukupita muda mrefu kanisa lile likachomwa moto. Kuna wachungaji waliofunga milango kwa kuogopa jambo kama hilo, na Hamer aliwakemea waziwazi. Mimi nawaelewa, lakini upande wangu ni wa yule mama.

Najua utasema, "Dama, sisi huku ni Waislamu na Wakristo, nani aimbe wimbo wa nani?" Basi tazama Liberia, mwaka 2003, nchi ikiwa vitani. Leymah Gbowee na wanawake wenzake walianzia kanisani. Asatu Bah Kenneth, Mwislamu na afisa wa polisi, akasimama akaahidi kuwaleta wanawake wa Kiislamu. Wakavaa nyeupe, wakakaa kwenye uwanja wa soko la samaki, Monrovia, kando ya barabara anayopita Rais Charles Taylor, juani na mvuani, wanasali na kuimba. Kila mmoja alibaki na dini yake. Taylor akakubali mazungumzo na waasi, na wanawake wakawafuata wajumbe mpaka Accra, Ghana, wakawazibia mlango wa ukumbi. Mkataba wa amani ukatiwa saini tarehe 18 Agosti.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Dua zibaki, mara imamu, mara mchungaji. Nyimbo msiwaachie wanakwaya peke yao: waombeni akina mama wa Kiorma na wa Kipokomo walete zile za harusini, za kubembeleza watoto, za kazi, na wafundishane. Anayelalamikia muda mwambie aje mapema. Na lile la njia za mifugo lijadiliwe mara tu baada ya kuimba, watu wakiwa bado wamesimama pamoja, kabla hawajarudi kukaa kila upande na watu wake.

Niandikie kikao kikiisha, unieleze nani aliimba na nani alikataa. Barabara isipokatwa na mafuriko, nitakuja mwezi ujao kukaa nanyi. Msalimie sana mama.

Wako,
Dama