Mbona mgonjwa wa sukari hakuna anayemtafuta?

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku, najua kuna watu wa afya watanuna ila acha tu niseme.

Mgonjwa wa VVU nchi hii akianza dawa leo anapewa kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, taarifa zake zinaingia kwenye kompyuta, anapangiwa tarehe, na asipotokea anapigiwa simu, simu isipopatikana kuna mhudumu anamfuata mpaka kitongojini, tena kimyakimya majirani wasijue kitu. Kifua kikuu anachunguzwa hukohuko. Akishatulia, virusi vikafubaa, anabeba dawa za miezi 3 au hata 6 anaenda zake kulima, na halipi hata senti. Huduma hii imejengeka tangu 2004, nakubali hela nyingi ni za wafadhili, ila waliopigwa jua kuwafuata wagonjwa ni watu wetu wenyewe.

Sasa njoo kwa mama yangu mkubwa, sabini na kitu, ana sukari na presha. Kadi yake ni daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na hilo alilonalo sio la kwanza maana lile la mwanzo lililowa mvua na maelezo yake yote yakaenda na maji. Kliniki ya sukari ina siku yake, ya presha siku nyingine, macho mpaka mjini, na kila anakoingia maswali ni yaleyale, bibi unatumia dawa gani, na yeye majina hayajui anafungua kimfuko anawaonyesha, hiki cheupe asubuhi, hiki cha njano usiku. Kuna kipindi alilazwa wakambadilishia dawa, karatasi ya kuruhusiwa akarudi nayo nyumbani ikakaa chini ya godoro, zahanati hawakuambiwa lolote wakaendelea kumpa zile za zamani, yani akawa anameza zote. Siku alipodondoka jikoni ndo tukakusanya vidonge mezani tukaanza kuhesabu. Manesi siwezi kuwalaumu sana, kila mmoja alifanya kazi yake vizuri tu, ila hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ilikua kumwangalia huyu bibi mwanzo mpaka mwisho.

Na usiniambie bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 naiunga mkono mia kwa mia, lakini kadi ya bima haiwezi kujua bibi ameacha kuja kliniki.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo zaidi ya 137,000 ndani ya miaka 5, wawili kila kitongoji au mtaa. Hapo nilishangilia kwelikweli, maana zamani ilikua malaria ina watu wake, lishe ina wake, uzazi una wake, kila mradi na fulana zake, na mradi ukiisha inabaki fulana watu wanafanyia usafi. Mtu mmoja wa kitongoji anayejua nyumba zote ndo jambo lenyewe tunalolitaka.

Ila huyo mtu apewe orodha! Zahanati imwandikie wagonjwa wote wa presha na sukari wa eneo lake kwa majina, apewe na mashine ya kupimia presha, asiyekuja ajulikane wiki hiyohiyo. Mgonjwa wa yote mawili awe na siku moja, na akiwa ametulia apewe dawa za miezi 3 kama wenzake wa CTC. Hospitali ikimruhusu mtu, mganga wa zahanati apigiwe simu, ni dakika mbili tu jamani. Na mzee anayeishi peke yake ambaye hata wa kumpikia uji hana, mhudumu amfikishe kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, maana ofisa yuko kule na mzee yuko huku na hawajuani kabisa.

Halafu posho yao ilipwe kwa wakati, mtu hawezi kuzunguka vilimani na njaa. Waganga wakuu wa wilaya najua magazeti mnasoma, wataalamu wa CTC mnao jengo la pili hapohapo, waiteni wawafundishe wenzao wa sukari, chagueni hata zahanati moja muanze nayo mwezi ujao.

Msomaji wako,
Morogoro