Kikao cha kesho: kifua na neva zake (mishipa ya fahamu)

Assalam aleikum jamaa. Kesho baada ya Isha, barazani Langoni kama kawaida.

Mbavu mzijue kabla ya kuja: jozi 12, 7 za juu zikishika mfupa wa kidari, 2 za mwisho zikining'inia. Tutakaa sana kwenye ukingo wa chini wa ubavu. Hapo hupita vena (mshipa urudishao damu moyoni), ateri (mshipa utoao damu moyoni) na neva, kwa mpangilio huo kutoka juu. Ndiyo maana sindano ya kutoa maji kifuani hupitishwa juu ya ubavu, si chini yake. Tafadhalini, hili lisimpite mtu; mgonjwa atavuja damu.

Kisha neva za simpathetiki, zinazouharakisha moyo, na vagasi, neva ya 10 ya kichwa, inayoutuliza. Mwenye kielelezo cha mifupa akibebe.