Risala ya walimu na wazazi kwa mgeni rasmi katika Siku ya Usomaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkaguzi wa Shule wa Wilaya yetu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi, mabibi na mabwana.

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha katika shule yetu ya msingi hapa Arua, Uganda, na tunakushukuru kwa kuitika mwaliko wetu. Mwaka huu tumekubaliana kwamba risala yetu isihusu madawati wala paa, ingawa vyote vina upungufu. Inahusu watoto wenye disleksia, yaani watoto wenye akili nzuri, wanaoona na kusikia vizuri na kuhudhuria masomo bila kukosa, lakini kusoma kunawawia vigumu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hakuna binadamu anayezaliwa na sehemu ya ubongo iliyoumbwa kwa ajili ya kusoma, kwa kuwa maandishi yenyewe yana umri wa miaka 5,000 hivi tu. Mtoto anapojifunza kusoma, ubongo hutumia sehemu zilizokuwa na kazi nyingine, hasa za upande wa kushoto: moja iliyo chini kuelekea kisogoni hutambua maumbo ya herufi, nyingine iliyo juu ya sikio huunganisha herufi na sauti zake, na ya mbele hushughulikia matamshi. Kwa mazoezi, ile ya kisogoni huzoea kulitambua neno zima kwa takribani sehemu moja ya tano ya sekunde, na hapo ndipo msomaji huacha kuhangaika na herufi akaanza kufuata maana.

Kwa watu wenye disleksia, picha za ubongo unaposoma zimeonyesha kwamba sehemu hizo za kushoto hufanya kazi kwa kiwango cha chini. Kwa wengi wao kiini cha tatizo kiko kwenye sauti: ni vigumu kwao kulichambua neno wanalolisikia katika sauti zinazoliunda, kwa hiyo herufi hukosa mahali imara pa kushikamana. Si tatizo la macho, na wala kugeuza b na d peke yake si dalili ya disleksia, kwani karibu kila mtoto anayeanza kuandika hufanya hivyo. Ubongo umezoea kwamba ng'ombe ni yuleyule akielekea kushoto au kulia.

Jambo hili si geni. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy, mwepesi wa hesabu, ambaye aliandika hata jina lake mwenyewe kuwa "Precy". Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Walimu tuliopo hapa tunawafahamu watoto wa namna hiyo.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni kwamba lugha zetu humficha mtoto huyu. Mwaka 2001 watafiti walilinganisha wasomaji wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao lugha yao huandikwa karibu kama inavyotamkwa, walikosea kidogo kuliko wenzao, lakini ubongo wao ulionyesha upungufu uleule. Kiswahili nacho huandikwa kama kinavyotamkwa. Tunaye mtoto wa darasa la tatu anayeweka kidole chini ya neno "wanafunzi", akalisoma silabi kwa silabi bila kosa. Neno hilohilo likirudi mistari miwili mbele, huanza upya kana kwamba hajawahi kuliona. Mwalimu mwenye watoto 80 darasani humpa alama ya vema na kuendelea. Anapofika darasa la nne, masomo yanapogeuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo "tough" na "though" hufanana kwa herufi na kuachana kwa sauti, mtoto huyo huanguka, na huitwa mvivu. Wapo wanaochapwa kwa sababu hiyo, ingawa sheria ya mwaka 2016 inakataza viboko shuleni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, makadirio mengi husema watu 5 hadi 10 katika kila 100 wana hali hii, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Hata hivyo, imeonekana kwamba mtoto akifundishwa sauti na herufi hatua kwa hatua, kwa mpangilio na kwa kurudiarudia, usomaji wake huboreka na zile sehemu za ubongo huanza kuamka zaidi. Ndiyo maana tunaomba ukaguzi wa darasa la pili na la tatu upime pia kasi ya kusoma, si makosa peke yake. Tunaomba vilevile mwalimu wetu mmoja apewe nafasi ya kusomea elimu ya mahitaji maalumu katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, na ofisi yako itusaidie kuwasilisha mapema kwa UNEB, yaani Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, maombi ya watoto hawa, ili tunapokaribia PLE, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, wafikiriwe kupewa muda wa ziada kama watahiniwa wengine wenye mahitaji maalumu.

Tunaomba kuwasilisha.